Sura ya Saba: Kikohozi Kisichongoja Zamu

Waliokuwapo mchana ule katika studio ya mchezo wa redio ni hawa: Inspekta, mwanamke mrefu aliyerithi jalada hilo kutoka kwa mwenzake aliyekwenda likizo, Koplo wake, Mtayarishaji wa mchezo, Fundi mitambo, mwigizaji mkongwe aliyeitwa Radi kwa sababu ya sauti yake, mume wa mgonjwa, na Wifi, yaani dada mdogo wa mume huyo, ambaye alikuwa ameletwa kutoka mahabusu akiwa amefungwa pingu. Mgonjwa mwenyewe, ambaye wasikilizaji walimjua kwa jina la Mama Sauti, hakuwapo. Alikuwa wodini, ngozi yake imewaka nyekundu kutoka utosini hadi nyayoni, inabanduka kama rangi ya ukuta uliolowa.

Wifi alituhumiwa kumtilia sumu katika kopo la mafuta ya kupaka. Jalada lilisema ni jaribio la kuua, na jioni hiyo lilitakiwa liwe mezani kwa mwendesha mashtaka. Likishafika huko, mwanamke huyo angehamishiwa gerezani kungoja kesi, na kesi za namna hiyo huwazeesha wanaozingoja.

Tuhuma ilisimama juu ya nguzo mbili. Ya kwanza ilikuwa ya mume: kwamba alimsikia dada yake akimfokea mkewe uani, akimwambia kuwa atarudi nyumbani amebanduka ngozi. Ya pili ilikuwa ya Mtayarishaji: kwamba kwa macho yake mawili alimwona Wifi katika chumba cha kungojea akikoroga kitu kutoka kwenye kikaratasi ndani ya kopo hilo. Mpelelezi wa kwanza aliziona nguzo hizo, akazipenda, akaezeka nyumba juu yake na kwenda likizo.

Inspekta alikuwa na hasira, wala hakujisumbua kuificha. Hasira hiyo ilianzia hospitali asubuhi.

Daktari wa ngozi alimzuia mlangoni mwa wodi na kumpa barakoa kabla ya kusikia swali lake la kwanza. Walisimama ukumbini. Majibu ya maabara ya serikali yalikuwa yamefika: ndani ya kopo mlikuwa na mafuta mazito, nta, na dawa ya kulainisha magamba, yaani kile kile ambacho Daktari mwenyewe alikuwa amekiagiza kwa miaka. Inspekta hakuridhika na karatasi peke yake. Aliuliza ugonjwa ulianzia wapi mwilini. Daktari alijibu kwamba Mama Sauti alikuwa na soriasi ya siku nyingi, mabaka machache ya viwikoni na magotini, na huko ndiko alikopaka mafuta. Moto wa safari hii ulianzia kifuani na mgongoni, mahali ambapo kidole chenye mafuta hakikuwahi kufika.

“Sumu ya kupaka huanzia inapopakwa,” Inspekta alisema.

“Ndivyo. Ningemwambia mwenzako hivyo hivyo, kama angekuja.”

Kisha Daktari alieleza alichokuta. Kipimo cha pua, kilichochukuliwa siku mgonjwa alipolazwa akiwa bado anakohoa, kilionyesha virusi vya homa ya mafua. Soriasi, alisema, haiambukizi wala si uchafu. Ni kinga ya mwili inayomgeukia mwenyewe na kuishambulia ngozi yake. Inspekta aliuliza mafua ya kifuani yanahusianaje na ngozi ya mgongo.

“Umewahi kuuona mtaa ambao watu wake wamekwisha kuchokozeka, kila mtu analala na rungu mlangoni?” Daktari aliuliza. “Sasa mtu apige kelele za mwizi mtaa wa pili. Mwizi yuko huko huko, lakini wa mtaa huu wanatoka na marungu yao, wanampiga wa kwanza wanayemkuta.”

Akaendelea kwa utaratibu. Kirusi kinapoingia puani na kifuani, chembe za huko humwaga katika damu kemikali za kuitana. Kwa watu wengi kelele hiyo huisha mafua yanapoisha. Kwa mwenye soriasi, chembe za kinga zilizojificha katika ngozi huwa hazijalala sawasawa. Zikisikia mwito huo huamka zote pamoja, na ngozi iliyozoea kujijenga polepole hujijenga mbiombio, ikabanduka kabla ya kukomaa. Mara nyingi hilo hutokea wiki moja au mbili baadaye, wakati mtu amekwisha kusahau kwamba aliugua mafua. Ndiyo maana watu hutafuta mchawi. Daktari hakutaka kupandishwa kizimbani kusema zaidi ya anachokijua: wapo wenye soriasi wanaopata mafua na ngozi ikatulia, na wapo wanaowaka bila mafua. “Nitakaloapa ni hili,” alisema. “Sumu haipo. Kirusi kipo.”

Inspekta aliuliza kama mgonjwa atapona.  Ipo dawa ya kuituliza kinga, alijibu, na bila dawa hiyo ngozi haitatulia. Lakini kuituliza kinga ni kumvua mtu ngao. Kifua kilikuwa kimeanza kupona, na siku hiyo hiyo wangeanza dawa. Kuanzia hapo mafua mengine, hata mepesi, yangeweza kumwua.

Hivyo ndivyo Inspekta alivyofika studio akiwa na swali moja tu. Mama Sauti, kwa ushahidi wa majirani, wakati ule hakuwa na njia nyingine isipokuwa nyumbani na studio. Nyumbani, mume na Wifi waliugua mafua baada yake. Kwa hiyo yalitoka studio. Lakini katika maelezo ya kwanza, Mtayarishaji aliapa kwamba watu wake wote walikuwa wazima kama chuma.

Chumba cha kurekodia hakikuwa kikubwa. Kuta zake zilivikwa magodoro ya zamani na trei za mayai ili sauti isirudi. Katikati palining’inia maikrofoni moja, na chini yake, juu ya zulia, palikuwa na duara la utepe mweupe ambamo waigizaji husimama bega kwa bega. Mlango ulikuwa mnene kama wa bucha. Feni ilikuwapo darini, ila Fundi mitambo alieleza kwamba huzimwa wakati wa kurekodi, kwa kuwa maikrofoni husikia mvumo wake. Ukuta mmoja ulikuwa na kioo, na upande wake wa pili palikuwa na chumba cha mitambo, na ndani yake kiti cha Mtayarishaji.

Inspekta aliwaingiza wote katika chumba cha mitambo, akafunga mlango na kuwaeleza aliyoyasikia kwa Daktari, pamoja na dawa itakayoanza leo na hatari yake. Alimtaka Mtayarishaji aketi kama aketivyo siku za kazi. Mtayarishaji, mtu nadhifu mwenye kizibao, aliketi.

“Ulimwona ukiwa hapa?”

“Hapa hapa. Kupitia kioo hiki. Siwezi kusahau.”

“Vizuri.” Inspekta alimpa Koplo kopo tupu na kijiko, akamwagiza aende chumba cha kungojea, asimame mahali waliposema Wifi alisimama, na akoroge. Koplo alitoka. Kitambo kilipita.

“Ameshika kijiko kwa mkono gani?” Inspekta aliuliza.

Mtayarishaji alitazama kioo. Ndani ya kioo kulikuwa na maikrofoni, duara la utepe, na magodoro. Aliinama upande huu, akainama upande ule. Hatimaye alisema kwamba huenda siku ile mlango wa studio ulikuwa wazi.

Fundi mitambo alikohoa kwa adabu, akasema mlango ule hauachwi wazi, na hata ukiwa wazi unaelekea chooni.

Sauti ya Koplo ilisikika kutoka mbali, ikipita kuta mbili. “Afande, niendelee kukoroga?”

Radi alicheka, kisha akajizuia. Wifi hakucheka. Alikuwa akimtazama Mtayarishaji kama mtu anayesoma bango lililoandikwa jina lake.

“Nguzo moja imelala,” Inspekta alisema. Alimgeukia mume. “Sasa yako.”

Mume wa mgonjwa alikuwa dereva wa lori, mtu wa maneno machache, ambaye tangu mkewe alazwe alikuwa hajanyoa. Alirudia yale yale: ugomvi wa uani, sauti ya dada yake, maneno ya kubanduka ngozi. Kikulacho ki nguoni mwako, alisema. Mtu akae naye nyumba moja, ampikie, ampake mafuta, kumbe.

“Ugomvi ulihusu nini?”

Mume alisema mambo ya wanawake hayajui.

“Huyajui na umeyatolea ushahidi,” Inspekta alisema, na kwa mara ya kwanza alipandisha sauti. “Umemtia dada yako pingu kwa sentensi moja, na hukumwuliza sentensi iliyotangulia.”

Akamtaka Wifi aiseme. Wifi aliisema bila kumtazama kaka yake. Asubuhi ile Mama Sauti aliamka na homa, anakohoa, koo limekauka, naye alikuwa akivaa ili aende studio kumalizia kipindi. Wifi alisimama mlangoni kumzuia. Alikumbuka kwamba mara ya mwisho Mama Sauti alipougua kifua, mabaka ya viwikoni yaliongezeka. Walibishana, wakafokeana. “Nikamwambia, nenda basi, nenda, utarudi umebanduka ngozi nzima. Nilikuwa nimekasirika. Kaka alikuwa nje anaosha lori. Alisikia mkia, kichwa hakukisikia.”



“Na mafuta?” Inspekta aliuliza.

“Kaka anasema nilikuwa nampaka. Hapana, mgongo haukuwa na kitu wakati ule. Alijipaka mwenyewe. Mimi nilimletea kopo studio mara moja tu, alipolisahau. Nilimkabidhi huyo bwana mkononi.” Alimwonyesha Mtayarishaji kwa kidevu, kwa kuwa mikono ilikuwa na pingu. “Akaniambia, ahsante dada.”

Inspekta alimwamuru Koplo, ambaye alikuwa amerudi na kijiko chake, amfungue pingu. Kisha alimtaka Fundi mitambo apige rekodi ya siku ya mwisho ambayo Mama Sauti alifanya kazi akiwa mzima. Si ile iliyosafishwa kwa ajili ya hewani; ile mbichi.

Mtayarishaji alisema kazi mbichi haisikilizwi na watu wa nje. Inspekta alimwashiria Fundi mitambo, naye akabonyeza.

Tukio lilikuwa maarufu. Radi aliigiza tajiri katili anayekata roho, na Mama Sauti aliigiza binti aliyefukuzwa, ambaye amerudi kusikia neno la mwisho la baba. Sauti ya tajiri ilikuwa imepasuka, ina mchanga ndani yake, na kikohozi chake kilitoka chini kabisa ya kifua. Kipindi hicho kiliporushwa, wasikilizaji walipiga simu kituoni siku nzima kumsifu mzee.

Walisikiliza mpaka mwisho. Inspekta alimgeukia Radi.

“Mzee, umeigiza tangu lini?”

“Tangu Mama Sauti akiwa mwanafunzi wa shule. Mimi ndiye niliyemfundisha kusimama mbele ya maikrofoni.”

“Umewahi kumkata mwenzako maneno?”

Radi aliudhika. “Kumkanyagia mwenzangu maneno? Mwanangu, afadhali nivue suruali sokoni.”

“Fundi, rudisha nyuma kidogo.”

Rekodi ilipigwa tena. Binti alikuwa akisema, “Baba, nilikungoja,” na katikati ya neno la pili kikohozi kikaangukia juu yake na kulifunika. Inspekta aliinua kidole. Mbele kidogo, binti alianza kulia, na kikohozi kikamkata tena. Mara ya tatu Mama Sauti alisikika akinyamaza, akivuta pumzi, akirudia mstari wake tangu mwanzo. Halikuwa jambo la kuigiza. Alikuwa mtu aliyekatwa maneno, akastaajabu, akasamehe, akaendelea na kazi.

“Kikohozi cha kuigiza hungoja zamu yake,” Inspekta alisema. “Hiki hakikungoja. Mzee Radi, ulikuwa unaumwa.”

 Radi alivua kofia yake, akaishika kwa mikono miwili. Ile sauti iliyompa jina ilipungua mpaka ikawa ya mzee wa kawaida.

Alisema kweli. Siku ile aliamka na homa, viungo vinauma, akapiga simu kuomba aahirishiwe. Mtayarishaji, aliposikia sauti ile katika simu, alimwambia aje vivyo hivyo, asiguse dawa ya kikohozi wala maji ya moto, sauti isije ikasafika. Alimwambia amekuwa akiitafuta sauti hiyo tangu mchezo uanze. Radi alikuja. Wenzake walipomsikia waliduwaa kwa furaha, wakamwambia leo mzee umetuua. Yeye akanyamaza, kwa sababu sifa ni tamu, na kwa sababu aliagizwa anyamaze. Kila alipokohoa walidhani ni kazi. Hapana aliyerudi nyuma hata hatua moja.

“Na Mama Sauti alisimama wapi?”

Radi alieleza kwa shida. Tukio lilitaka binti asikie neno la mwisho, na Mtayarishaji alitaka pumzi zao zisikike pamoja. Kwa hiyo Mama Sauti aliweka shavu lake karibu kabisa na kinywa cha mzee. Walirudia tukio hilo hadi Mtayarishaji aliporidhika. Mlango umefungwa, feni imezimwa.

“Ningejua,” Radi alisema. “Shemeji, ningejua, Mungu shahidi.”

 Mume wa mgonjwa alikuwa ameinuka na kumkabili Mtayarishaji, na Koplo alilazimika kujipenyeza katikati yao.

Mtayarishaji alisema kwa kujikaza kwamba mafua ni mafua. Nani hapa duniani hajaugua mafua? Yeye si daktari. Hakujua kama ngozi na kifua vina ujamaa. Kama kuna sheria inayokataza mtu kuja kazini na kikohozi, aonyeshwe.

“Sijakuuliza kuhusu mafua,” Inspekta alisema. Alisema polepole sasa, na upole huo ulikuwa mbaya kuliko kelele. “Mzee kuugua si kosa. Hukujua ngozi na kifua vinasikilizana. Nami sikujua hadi leo asubuhi. Nakuuliza kuhusu kioo hiki. Mume wa mgonjwa alikuja hapa kuuliza nani alikuwa anaumwa. Ukamjibu nini?”

Mtayarishaji alishughulika na vifungo vya kizibao chake.

“Akanijibu kwamba hakuna,” mume alisema. “Akaniambia, bwana, mtazame sana dada yako.”

“Kwa nini?”

 Mwishowe Mtayarishaji alisema kwamba kituo kingejua amemrekodi mgonjwa kwa makusudi, mchezo ungefutwa, na kazi ya maisha yake ingekwisha. Alidhani polisi wangemchunguza Wifi, wangekuta hana hatia, wangemwachia. Alidhani ni jambo la siku mbili tatu.

“Ulitia chumvi donda la mtu mwingine ili lako lisionekane,” Inspekta alisema. Akasimama, akawatangazia wote kwa mpangilio: jalada halitakwenda kwa mwendesha mashtaka jioni hiyo, wala siku nyingine, likiwa na jina la Wifi. Wifi yuko huru tangu dakika hiyo. Mtayarishaji atafuatana na Koplo kituoni kujibu shtaka la kutoa taarifa ya uongo kwa polisi. Radi na Fundi mitambo wataandika maelezo yao. Mume ataandika yake upya, na safari hii ataanzia kichwani.

Mtayarishaji aliomba achukue koti lake. Koplo alimwambia nje kuna joto.

Alipokwisha kutolewa, mume wa mgonjwa alimsogelea dada yake. Akamkumbatia. Wifi alibaki wima kama mlingoti, mikono imening’inia. Kaka yake alisema kwa sauti iliyokatika kwamba Mama Sauti amemwulizia kila siku, na yeye alikuwa akimdanganya mkewe kwamba dada amesafiri. Lori liko nje. Waende sasa hivi. Inspekta naye alisema atampigia Daktari simu awaruhusu kuingia, kwa kuwa saa za kuona wagonjwa zilikuwa zimepita.

“Siendi,” Wifi alisema.

Kaka yake alianza kumsihi. Alisema ana haki ya kukasirika, lakini asimwadhibu mgonjwa kwa makosa ya mumewe.

“Nyamaza, kaka. Safari hii sikiliza kichwa.” Alijitoa mikononi mwake, akarudi nyuma hadi mgongo wake ulipogusa mlango, na alipozungumza alimtazama Inspekta. “Afande, kile chumba chako cha mahabusu hakina dirisha. Tumelala humo tumebanana kama kuni, na mwenzangu wa ubavuni alikohoa tangu nilipoingia hadi nilipotoka. Niliomba nihamishwe. Askari wako akaniambia hapa si hotelini. Tangu jana koo linaniwasha.”

Inspekta aliandika hilo katika daftari lake.

“Umesema leo wanaanza kumpa dawa ya kumvua ngao. Haya. Mimi sitaingia wodini mpaka nipone kabisa. Wewe kaka umenikumbatia sasa hivi; huingii. Mzee Radi huingii. Na wewe Afande umetufungia humu na mlango wako mnene. Ukitaka maelezo yake, mwulize kwa simu.” Akafungua mlango. “Mpigieni, mwambieni sikusafiri, mwambieni nilikuwa wapi. Na mwambieni aliyewazuia wote ni mimi, asije akamsingizia mtu mwingine.”